Picha ya mzee imekolea mno: nimwambieje?

Swali: Shikamoo mama. Tuko watu tisa hapa Kigoma, wengine wa Ujiji, wengine wa Mwanga na Bangwe. Hatuuzi picha, tunapiga kwa kupenda tu. Wengi tunatumia simu, wawili wana kamera. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunakaa chini ya mwembe kule Ujiji, kila mmoja na picha mbili, tunazitazama pamoja. Mimi ndiye mdogo kuliko wote. Mwezi uliopita mzee mmoja, mstaafu wa reli, alileta picha ya machweo aliyoipiga Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Alikuwa amekoleza rangi mpaka ziwa limekuwa jekundu. Nikasema, "Mzee, hii picha umeiharibu kwa kuediti." Alinyamaza, akarudisha simu mfukoni, na safari hii hakuja. Wenzangu nao sasa kila picha wanasema "kali sana", basi. Mama, maoni ya kumjenga mtu yanatolewaje? Na nitajuaje kwamba nimeona kosa kweli, si ladha yangu tu?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na nimefurahi kwamba kilichokukaa moyoni ni yule mzee kuliko rangi za ziwa.

Nenda kwake kwanza. Usimpigie wala usimwandikie. Nenda jioni, ukae. Usimpelekee maelezo ya kuediti, mpelekee samahani yako, nayo isiwe na "lakini" ndani yake. "Mzee, nilikukosea mbele za watu, nisamehe." Ikishapokelewa, mwombe akuonyeshe tena ile picha, akusimulie jioni ile ilikuwaje. Halafu nyamaza, msikilize mpaka amalize. Nitayarudia masimulizi hayo baadaye, maana maoni uliyotakiwa kuyatoa yamo humo.

Sasa tuitazame sentensi yako. "Umeiharibu kwa kuediti" inamhusu yeye, haiihusu picha. Haisemi ni wapi. Na akifika nyumbani akaishika simu yake, haimpi kitu cha kufanya kwa mkono wake isipokuwa kuifuta picha. Linganisha na hii: "Mzee, pale mlima unapokutana na anga naona utepe mweupe, na jicho langu linakwenda hapo kabla halijaiona mitumbwi." Ukweli ni uleule, pengine huu ni mkali zaidi kwa sababu umeonyesha mahali. Lakini mzee anaweza kuuchukua na kuufanyia kazi usiku huohuo.

Ninalotaka ulishike kuliko mengine yote ni hili: mpiga picha alikuwepo, wewe hukuwepo. Mzee alipoinua simu yake pale Kibirizi alikuwa anasikia maji yakigonga mbao za mitumbwi, harufu ya dagaa ipo, upepo wa ziwa unampiga shingoni, pengine ameshika mkono wa mjukuu. Kila anapoifungua picha ile, hayo yote yanarudi pamoja nayo. Anaona picha na anaiona jioni yenyewe, na hawezi tena kuvitenganisha. Ndiyo sababu watu hukoleza rangi. Picha iliyotoka kwenye simu imepoa kuliko anavyokumbuka, basi anaongeza, anaongeza tena, anaitafuta ile jioni. Wewe mwenzangu unaona mstatili tu. Wazee walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Kwenye picha ya mwenzako wewe ndiye mgeni, na dawa uliyokuja nayo ni jicho ambalo siku ile halikuwepo. Mwambie kilichokufikia na kisichokufikia. Usipovuka hapo, ni vigumu sana kumuumiza mtu.

Nilipoanza kazi ya studio tulikuwa na filamu, roli moja picha 36, na kila picha iliyoungua ilikuwa hasara. Fundi aliyenifundisha alikuwa akiiweka picha mezani juu chini, miguu ya watu imetazama dari, kisha ananiuliza, "Unaona nini?" Nikijibu "nzuri" au "mbaya" anasema, "Sikukuuliza hivyo." Ilinibidi nijibu: naona doa jeupe kona ya kushoto, naona giza katikati, naona mstari unashuka kulia. Picha ikiwa juu chini, akili inaacha kusoma harusi na mtoto na gari, inaanza kuona mwanga na giza. Mpaka leo naipindua simu kabla sijafungua mdomo.

Jaribuni hivi chini ya huo mwembe wenu. Mwenye picha asieleze kitu kwanza. Ipitishwe, kila mtu aitazame dakika nzima bila kusema, na dakika moja ni ndefu kuliko mnavyodhani. Kisha kila mmoja aseme jicho lake lilitua wapi kwanza, likaenda wapi, na lilitokea upande gani wa picha. Baada ya hapo ndipo mwenyewe aseme alichokuwa anakitaka. Akisema, "Nilitaka muuone uso wa bibi," na watano kati yenu macho yao yalitua kwenye ndoo nyekundu iliyo nyuma ya bibi, hakuna aliyemkosoa. Ndoo imemkosoa. Atajua mwenyewe kwamba safari nyingine asogee hatua mbili kushoto, au kwenye kuediti apunguze wekundu wa ile ndoo, au akate picha upande huo.

Sasa swali lako la pili, la kosa na ladha. Hapa nitakaa kidogo.

Ziwa kuwa jekundu peke yake si kosa. Wewe ni mtu wa Kigoma, unajua jua letu linazama nyuma ya milima ya Kongo, na mwezi wa nane na wa tisa, nyasi zikichomwa na vumbi likiwa juu, jua linashuka jekundu kama kaa la moto na milima yenyewe haionekani. Mtu wa mbali akiiona picha ya hivyo atasema imeongezwa, kumbe ndivyo ilivyokuwa. Kwa hiyo usiulize "ni nyekundu mno?" Uliza wekundu huo umeua nini.

Picha ya JPEG, ambayo ndiyo simu nyingi hutoa, inahifadhi rangi tatu, nyekundu, kijani na bluu, na kila moja ina ngazi 256, kuanzia 0 hadi 255. Anga la machweo tayari limejaa wekundu. Ngazi zake ziko juu, karibu na dari. Ukivuta kile kitelezi cha kukoleza rangi, ile saturesheni, wekundu unapanda mpaka 255 unagota. Wingu lililokuwa 230 limefika 255, na jirani yake lililokuwa 245 nalo limefika 255. Yalikuwa mawingu mawili yenye umbo, sasa ni rangi moja kama ukuta uliopakwa jana. Hilo unaweza kuliwekea kidole: "Mzee, hapa katikati ya mawingu sioni tena wingu moja linaishia wapi." Tazama pia pembeni mwa jua. Ukiona miduara kama ngazi badala ya mwanga unaofifia taratibu, picha imevutwa kuliko ilivyoweza kubeba.

Tazama na maji. Ziwa linarudisha rangi ya anga, lakini kwa kawaida kilicho majini huwa na giza kidogo kuliko kilicho juu, maana mwanga mwingine unazama. Picha ambayo maji yake yanang'aa kuliko anga, jicho linakataa hata kama mtazamaji hajui kwa nini. Halafu tazama kivuli. Mtumbwi ukipigwa na jua la jioni, upande unaolielekea jua unakuwa wa rangi ya chungwa, na upande wa kivulini unapata mwanga wa anga la juu, ambao ni wa bluu-bluu. Kama kivuli nacho ni cha chungwa, rangi imemwagwa juu ya picha yote kama mawese juu ya ugali, na ile tofauti iliyokuwa inaleta joto imekufa. Ndiyo maana picha iliyoongezwa joto kila mahali mara nyingi haionekani na joto.

Na ule utepe mweupe juu ya milima niliouandika hapo mwanzo, utauona sana kwenye picha za hapa. Mtu anatia giza anga, programu inashindwa kufuata ukingo wa mlima, inaacha mstari wa mwanga. Au ameinoa picha kupita kiasi. Kila kinachogusana na anga, mlingoti, mnazi, mabega ya mvuvi, kinavaa mstari huo. Dawa yake ni kupunguza nusu, si kufuta yote, na kuikuza picha mpaka ukingo uonekane wakati unafanya kazi.

Kwa hiyo mimi natenganisha hivi. Kosa ni kile kinachozuia picha isifanye alichokitaka mwenyewe, na ninaweza kukigusa kwa kidole. Ladha ni ambacho ningefanya vingine kama picha ingekuwa yangu. Ladha si dhambi kuisema, ila itajwe kwa jina lake. Mimi, kwa mfano, siupendi ule weusi unaowekwa kuzunguka pembe za picha. Nikiona nasema, "Hii ni ladha yangu, unaweza kuniacha: mimi ningeondoa weusi wa pembeni." Mtu anacheka, anaendelea na picha yake. Mstari wa ziwa ukiinama, maji yakawa kama yanamwagikia Burundi, hilo naliita kosa, lakini hata hapo nauliza kwanza. Kuna anayeinamisha kamera kwa kukusudia kwa sababu mtumbwi wenyewe ulikuwa unayumba, na akinieleza naitazama tena picha kwa macho hayo.

Ila kabla hujasema lolote kuhusu rangi, hakikisha unachokiona wewe ndicho alichokituma yeye. Niliwahi kumkosea binti mmoja kwa sababu hii. Alinitumia picha ya mama yake amevaa kanga, nikamwandikia kwamba picha ni ya njano na haina ukali, arekebishe. Binti mtiifu, akakaa siku mbili anaivuta kwenye bluu. Alipoichapisha akaniletea, uso wa mama yake ulikuwa kama umepakwa majivu. Simu yangu ndiyo iliyokuwa imewashwa ile hali ya kulinda macho usiku, inayopunguza bluu kwenye kioo. Na picha yenyewe ilikuwa imepita kwenye makundi mawili ya WhatsApp kabla ya kunifikia. Nilimwomba radhi, na tangu siku hiyo nina utaratibu ambao sivunji: nazima hali ya usiku, naweka mwanga wa kioo katikati, nakaa mahali jua halipigi. WhatsApp ukituma picha kwa njia ya kawaida inaipunguza, upande mrefu unabaki kama pikseli 1,600, na inaikamua tena kila inapohifadhiwa upya na kutumwa. Waambie wenzako watume kama dokumenti, au bora zaidi, Jumamosi picha zote zitazamwe kwenye simu moja au kompyuta moja. Tisa mkitazama vioo tisa mnazungumzia picha tisa.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma zaidi, nalo ni nyuso zetu.

Kundi lolote la picha Kigoma litaleta picha za akina mama wanaoanika dagaa, Kibirizi au Katonga. Na nyingi zitapigwa mchana. Kumbuka sisi tuko magharibi kabisa mwa nchi lakini saa yetu ni moja na ya Dar es Salaam. Kwa hiyo jua letu linafika juu kabisa karibu saa saba mchana, na mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba linasimama karibu utosini. Mwanga unadondoka wima, macho yanabaki mashimo meusi chini ya paji la uso. Chini kuna mchanga mweupe na dagaa wanaometa kama fedha. Kamera imetengenezwa iamini kwamba wastani wa kila kitu duniani ni kijivu cha katikati. Ikikutana na weupe mwingi hivyo, inatia giza picha yote ili iufikie huo wastani wake, na wa kwanza kupotea ni mama aliyeinama. Kinyume chake kinatokea Gombe: sokwe mweusi kwenye kivuli cha msitu, kamera inaona giza mno, inaongeza mwanga, sokwe anakuwa wa kijivu kama ametoka jivuni. Mashine haina ubaya, inakisia tu. Anayejua rangi ya mtu ni mpiga picha.

Kwa hiyo picha ya namna hiyo ikiletwa, usiseme "uso mweusi hauonekani". Sema, "Nilitaka kuyaona macho yake, sikuyapata," kisha mpe cha kufanya. Aguse uso kwenye kioo cha simu ili ipime mwanga hapo, kisha atelezeshe kidole kuongeza kidogo, hata kama mchanga utaungua, yaani utabaki mweupe mtupu. Amwombe mama ageuke kidogo ili mwanga unaorudi kutoka mchangani uingie chini ya mtandio; mchanga mweupe ni taa ya bure. Au arudi saa kumi na moja jioni. Kwenye kuediti, ainue uso peke yake, asiinue picha nzima, na akumbuke kwamba vivuli vya JPEG vikivutwa sana vinaleta chenga. Wale wawili wenye kamera wapige kwa faili ghafi, ile RAW: ina biti 12 au 14, yaani ngazi 4,096 au 16,384 kwa kila rangi badala ya 256, kwa hiyo kivuli kinainuka bila kupasuka.

Kuna kitu kingine ambacho msikipite kimya. Simu nyingi siku hizi zina hali ya urembo, na nyingine inawashwa bila wewe kuulizwa. Inalainisha ngozi na kuing'arisha. Ikiletwa picha ya mtu, tazama shingo, tazama mikono. Uso ukiwa mweupe kuliko mikono, mtu ameondolewa rangi yake. Sisi tuliokuwa studio enzi za filamu tunaujua mzigo huu. Kwa miaka mingi mitambo ya kuchapa picha za rangi ilisawazishwa kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Ngozi yake ikitoka vizuri, mtambo umekaa sawa. Ngozi zetu hazikuwa kwenye kipimo. Nilikuwa nachapa picha za maharusi, bwana harusi anatoka kama suti isiyo na mtu, nami naulizwa, "Mama, mbona mume wangu hayumo?" Tulihangaika na taa, na kitambaa cheupe cha kurudisha mwanga, mpaka watu wakaonekana jinsi walivyo. Sasa tumepata vyombo vinavyoweza kutuona, halafu tujifute wenyewe kwa kidole? Naomba mlisemee hilo kila mara, kwa upole.

Upole wenyewe uwe hivi: zungumza juu ya mng'ao. Uzuri wa ngozi nyeusi kwenye picha uko kwenye mng'ao, ule mwanga mdogo juu ya shavu, kwenye paji, kwenye mfupa wa pua. Huo ndio unaochonga uso. Programu ya kulainisha inaufuta, uso unakuwa bapa kama sahani. Mwambie mwenzako, "Siuoni tena mfupa wa shavu lake, naomba uurudishe." Atarudi kwenye picha ya awali, na rangi itarudi pamoja na shavu. Kama mwenye sura ndiye aliyeomba afanywe mweupe, hiyo ni picha yake na mwili wake. Ila mpiga picha ajue amefanya nini, asidhani ni simu tu.

Nirudi kwenye heshima, kwa sababu wewe ni mdogo na jambo hili usilibebe kirahisi. Mbele za watu sema unachokiona, ushauri uweke kwa pembeni. "Mzee, jicho langu lilikwenda mlimani kwanza" hata mjukuu anaweza kulisema barazani. "Mzee, punguza saturesheni" lisubiri mmekaa wawili, na aliulize yeye. Usijifanye kumuuliza "naomba unifundishe" wakati umekuja kumfundisha. Watu wazima wanaijua hila hiyo tangu hujazaliwa. Uliza pale ambapo kweli hujui, na utaona hujui mengi. Na kwa picha moja toa jambo moja. Unaweza kuona saba. Chagua lile ambalo likirekebishwa mengine matatu yatajirekebisha. Ukimtwisha mtu yote saba atayatua yote mlangoni.

Usiishike picha ya mwenzako ukaiediti mwenyewe ili "kumwonyesha". Najua nia ni nzuri. Lakini ni sawa na kuingia jikoni kwa mwenzio ukaongeza chumvi kwenye chungu. Akiruhusu, fanyeni kwenye nakala, mkikaa bega kwa bega, na kidole kinachosogeza kitelezi kiwe chake. Wewe sema tu, "Ongeza. Basi. Rudisha kidogo. Unaona mawingu yamerudi?" Akiondoka hapo ameondoka na ufundi.

Hao wanaosema "kali sana" usigombane nao. Wanaogopa, na wameogopa baada ya kuona yaliyompata mzee. Waulize kwa furaha, "Kali wapi?" Mmoja atasema, "Huo mkono." Mwulize, umefanyaje? Atasema, "Umetoka kwenye giza, na maji yanadondoka kwenye kidole, tone linaonekana." Hayo sasa ni maoni. Sifa nayo inahitaji kuonyesha mahali, tena kuliko lawama, maana mtu asipojua alichopatia atakipoteza safari ijayo. Nimewaona wapiga picha wazuri wakiacha kile kilichokuwa chao kwa sababu hakuna aliyewahi kuwatajia.

Na la kufuta vitu. Siku moja italetwa picha ya MV Liemba ambayo kamba, matairi na watu gatini vimefutwa kwa simu, meli imebaki peke yake kama kwenye kalenda. Uliza inakwenda wapi. Ikiwa ni ya ukutani sebuleni, haina neno. Lakini meli ile iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikashushwa majini hapahapa Kigoma 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, ikaibuliwa 1924 na kuanza kazi kwa jina la Liemba 1927. Anayeipiga kama kumbukumbu anampa mjukuu wake ushahidi, na ushahidi haufutwi watu. Mashindano ya World Press Photo yanakataa picha iliyoongezwa au kuondolewa kitu. Kung'arisha na kutia giza kwa kiasi wanaruhusu.

Jumamosi ijayo wewe uwe wa kwanza kuweka picha mezani, na uchague ile usiyoridhika nayo. Usiulize "mnaionaje?" kwa sababu swali hilo linazaa "kali sana". Uliza swali lenye mahali: "Nilitaka huyu mtoto aonekane anasubiri, mnaona anasubiri au amesimama tu?" Wakikujibu usijitetee. Andika. Wakiona mdogo wao amekosolewa na bado amekaa, anaandika, na wao watatoa zao.

Sasa yale masimulizi ya mzee. Tuseme amekwambia kwamba jioni ile kilichomfanya atoe simu mfukoni hakikuwa jua. Zilikuwa taa za wavuvi, za kwanza, zimeanza kuwaka mbali wakati anga bado lina rangi, naye akakumbuka karabai za ujana wake. Hapo mwanangu utakuwa umeshapata kila kitu. Utaitazama picha upya, uzitafute zile taa, na utaona wekundu umezimeza. Utamwambia, "Mzee, taa nimezitafuta sijazipata, na sasa nazitaka." Mwulize kama ile ya awali, kabla ya kuediti, bado anayo, programu nyingi huhifadhi nakala pembeni na ya kwanza inabaki kwenye simu. Mkiipata, anzeni upya pamoja: mwachie anga rangi yake, tieni giza kidogo maji, na ule mwanga mdogo wa taa msiuguse kabisa.

Na kama ameifuta, mwombe mwende naye Kibirizi. Chagueni siku za giza la mwezi, kwa sababu mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wa dagaa hawatoki, na ulizeni kwanza kama ziwa halijafungwa, yaani uvuvi haujasimamishwa kwa muda. Mfike saa kumi na mbili na nusu. Jua likishazama mna kama dakika ishirini ambazo anga na taa vinalingana nguvu, basi. Mwache mzee achague pa kusimama, wewe shika simu yako usimame nyuma yake, na mkirudi umwonyeshe ya kwako kwanza.